Injini Ambayo Sikuifungua

Mimi kila kitu huhesabu mara mbili. Boliti za nje za ile injini zilikuwa ishirini na nane, nikarudia, zikawa zilezile. Za ndani sikuzigusa, na hapo ndipo nilipoliwa.

Mashua yangu ilikuwa ikibeba pamba kutoka ghuba ya Nungwe kwenda Mwanza. Mwaka mmoja wa hamsini na kitu, majani ya ziwani yaliziba bomba la maji ya kupozea. Injini ikachemka mpaka ikapasuka. Msimu wa pamba ulikuwa wiki tatu mbele, na mnunuzi alikwisha kuniambia: usipofika siku ya kwanza, marobota nampa mwenye mashua mwingine, na mwakani usije. Injini mpya nilienda kuiulizia bei Mwanza, nikatoka dukani kabla mwenye duka hajamaliza kuitaja.

Nilikuwa na ndugu wa kuchanjiana, Msumbwa wa Masumbwe, fundi wa mashine kwenye mgodi mdogo wa dhahabu karibu na Geita. Tulichanjana vifuani tungali vijana, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake. Akaniambia mgodi umemwachia injini ya pampu, iliyokuwa ikinyonya maji shimoni.

"Ng'ombe wanane," akasema.

"Wanane? Kwani inakamuliwa?"

"Inatoa moshi, ndugu yangu."

"Moshi ninao jikoni, bure. Wanne."

Tukaishia watano na ndama mchechemeaji. Mguu wa ndama nilimwonyesha mwenyewe.

Kuvutana bei na ndugu wa kuchanjiana ni ruksa. Kumkagua si ruksa: ukiipekua mali yake, umemwita mwizi, na ile damu mliyolishana itakudai. Kwa mtu mwingine yeyote ningevua kichwa cha injini na kutia kidole katika kila tundu. Kwake nilipapasa tu rangi ya kijani, mbichi bado, nikasema, "Umeipamba kama bibi harusi."

"Sasa ndugu yangu nimpe kitu kichafu?"

Miguu ya injini ya pampu ni mipana, kwa hiyo seremala akachonga magogo mapya ya mvule ya kuikalisha. Siku ya kwanza ya msimu nilikuwa gatini kabla ya mnunuzi. Tukapakia marobota thelathini na mawili.

Hatukutoka hata nje ya ghuba. Mvuke ulipoanza nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili imeingiwa na maji, imekuwa nyeupe kama uji wa maziwa. Nikakwangua rangi kwa kisu. Chini yake palikuwa na ufa wa urefu wa shubiri, umezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Mashua ya mchukuzi mwingine ikaja ubavuni, ikachukua marobota yote. Niliyahesabu yakihama.

Kesho yake nikamfuata mgodini.

"Mwadila, ndugu," akaniamkia, akicheka.

"Ule ufa uliujua?"

Kicheko kikakatika. "Niliuziba mwenyewe."

"Ukaniuzia mimi."

"Nilijua utafungua! Wewe, unayehesabu meno ya mbuzi mara mbili? Nilikuwa nangoja ufungue, unitukane, tushuke mpaka ng'ombe wawili. Hukufungua. Nikasema basi, kaona, karidhika."

"Sikufungua kwa sababu ya chale."

Akashika kifungo cha shati lake, akakifunga.

"Rudisha ng'ombe."

"Wameshakwenda kwa wakwe. Nimemwolea mwanangu mke." Kisha, kwa sauti ya chini, "Ndama yupo."

Nikamchukua ndama.

Injini nilimpelekea mwenye mashine ya kusaga unga. Kabla hatujaamkiana vizuri nikamwonyesha ufa. Akainama, akaupapasa.

"Mzee, kama huu unauonyesha, ule mwingine umeuficha wapi?"

Akaifungua yote juani, boliti moja moja, nusu siku nzima, mimi nimekaa pembeni kama mshitakiwa. Hakukuta kitu kingine. Akanilipa bei ya chuma chakavu, na mwezi uliofuata nikauza na mashua.