Kumbukumbu ya Mashine

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Darasa la tatu niliachia njiani, nikasukuma mkokoteni mtaani Rhonda, na leo ni mwenyekiti wa chama cha wakulima wa pareto wa Kuresoi. Kwa hivyo chama kilipokodi kompyuta mjini Nakuru ijumlishe kilo zetu, nilikwenda kusimamia mwenyewe.

Gurdeep, mwenye kuiendesha, alipitisha ndani ya mashine kadi zetu zote, zilizotobolewa matundu ya kilo za kila mkulima. Nikamwuliza, "Sasa kilo ziko kwa ule utepe wa kuhifadhia?"

"Bado, mzee. Ziko kwa kumbukumbu. Ikijaa ndiyo inaandika kwa utepe, na tunangoja kadi za Molo. Usiguse kitu, naenda chai."

Kumbukumbu! Kanisani kwetu jina likiingia kwa kumbukumbu halitoki hata ufe. Nikaona kazi imekwisha. Kadi nikazichoma nyuma ya jengo, wachuuzi wa pareto wasije wakasoma siri zetu, kisha nikazima swichi, stima isiliwe bure.

Gurdeep alirudi, akawasha, akatazama utepe. Mtupu.

"Mzee, hii ikizimwa inasahau kila kitu. Lete kadi turudie."

Mlangoni walikaa wajane wanne niliokuja nao, wakingoja malipo wapeleke karo. Mmoja akaniangalia mikono.

"Mwenyekiti, mbona unanuka moshi?"

Ikabidi niseme. Kila mkulima alitaja kilo zake kwa mdomo, nami sikuwa na karatasi ya kubishia. Zilizozidi pesa za kiwanda nililipa mfukoni mwangu: shilingi elfu kumi na nane, mia nne sitini na tano.