Nisomee, Lakini kwa Kiswahili

Naikumbuka siku moja ya masika, mwanangu. Weka hiyo simu chini kidogo. Nimekusikia tangu asubuhi ukisoma vile vifungu vyako vya Kiingereza, mara watu wako sokoni, mara wako kwa daktari, kisha unabonyeza majibu na simu inakupigia makofi. Unasoma vizuri, sikatai. Ndiyo maana naogopa.

Mimi nilikuwa bingwa wa habari fupi kama hizo. Shuleni tuliziita ufahamu. Mwalimu anatoa habari ya nusu ukurasa na maswali chini yake. Sisi tunaangalia neno lililo kwenye swali, tunalisaka kwenye habari, tukiliona tunanakili sentensi nzima. Vema tupu! Ukiniuliza habari ile ilihusu nini, kichwani hamna kitu. Ila sauti nilikuwa nayo. Nikisoma uani kwetu, hapa hapa Kariakoo, wapangaji wanaacha kufua wananisikiliza. Wakanibandika jina, Mzungu wa Uani. Kichwa kikanivimba, we acha tu.

Sasa Mama Neema, mpangaji wa chumba cha mbele, mwenyeji wa Moshi, alikuwa amechoshwa na kunguni. Neema mwenyewe alikuwa mchanga, hata shingo haijakaza, na kunguni wamemtoa vipele mwili mzima. Baba yake akaleta kopo la dawa kutoka duka la jumla, maandishi yote Kiingereza. Aliyeitwa kusoma nani? Mimi. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikalisoma kopo lote kwa madaha. Mama Neema akaniuliza, "Kwa hiyo mdogo wangu, inasemaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema sijui. Lakini wanawake wote wananiangalia. Nilikuwa nimeona neno la chumba, neno la mlango na neno la watoto, nikayaunga kama nilivyozoea kuunga majibu ya darasani. Nikamwambia apulize kitandani na ukutani, afunge mlango, harufu ikipungua waingie walale. Akanishukuru. Akapuliza, akangoja, akamlaza mtoto, akafunga mlango, akarudi uani kuchambua mchele.

Nikakaa namenya mihogo huku yale maneno yanajirudia kichwani. Karibu na neno la watoto palikuwa na jingine ambalo sikulijua. Nikajiambia si kitu. Kila nikiutazama ule mlango uliofungwa nataka kusema, lakini najizuia, maana ningeonekana mwongo mbele ya watu wale wale.

Bi Mwanaidi mwenye nyumba, mzee wa Lindi, akarudi kutoka Feri na samaki wake. Harufu ikampokea mlangoni. Akauliza ni dawa gani, nani kaisoma, kisha akanishikisha lile kopo.

"Nisomee na mimi, mjukuu wangu. Lakini kwa Kiswahili."

Nikaanza kuligeuzageuza kopo. Akanitazama usoni, sura yake ikabadilika, akalitupa kapu na kukimbilia kile chumba kwa miguu yake ile ile inayomuuma. Akatoka na Neema mikononi, amelegea, mate yanamchuruzika, anapumua kwa kuvuta. Ukelele wa mama yake nausikia hadi leo. Wakamkimbiza hospitali kwa teksi, na kopo wakaenda nalo daktari alisome. Mimi nikabaki na mihogo yangu, nikimwomba Mungu anichukue mimi amwache yeye.

Walirudi naye magharibi, yu hai. Daktari aliwasomea kopo: watoto wasiingizwe kabisa katika chumba kilichopulizwa mpaka milango iachwe wazi hewa ipite. Mama yake hakunigombeza, hakuwa na nguvu. Aliyeniita kando ni Bi Mwanaidi, akasema maneno machache: "Uliogopa kuchekwa kuliko ulivyoogopa mtoto afe. Siku nyingine ogopa kinachostahili."

Sikupata usingizi wa maana masika yale yote. Lakini bibi yule hakuniacha. Kila akitoka sokoni aliniletea karatasi, mara ya sabuni, mara ya maziwa ya kopo, nimsomee mstari mmoja kisha nimweleze kwa Kiswahili inataka nini. Nisipojua nasema, "Bibi, hili silijui," na uani mzima unasikia. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikazoea, tukawa tunakwenda kumuuliza anayejua, na hapo ndipo Kiingereza kiliponiingia.

Basi mwanangu, vifungu vyako visome, tena kila siku, vifupi hivyo hivyo. Ila ukimaliza kimoja, funga simu umweleze mtu kilichosemwa kwa maneno yako mwenyewe. Neno usilolijua usiliruke, lisimamie mpaka ulijue. Na siku mtu akikuletea karatasi ya dawa au ya mkataba nawe huelewi, sema sijui, kwa sauti ile ile unayosomea.

Neema sasa ni mama mzima, anauza vitenge mtaa wa pili. Kila akipita ananiambia, "Shikamoo, mama," naitikia marahaba, halafu namtazama kifua kama kinapanda na kushuka vizuri. Anadhani ni uzee.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema sijui, na asikukalishe mbele ya mlango uliofungwa kama ule. Haya, chukua simu yako. Nisomee kile cha kwa daktari, kisha niambie kwa Kiswahili.