Matilda wa Bausher

Mimi Mwarabu, Mwislamu wa Kiibadhi, babu wa babu yangu katoka Oman, na jina langu ni Matilda. Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Mama alinizaa Unguja kwa shida kubwa. Kitandani pale akaweka nadhiri kwamba akinusurika, mtoto atapewa jina la nesi wa Kizungu aliyekuwa kamshika mkono. Nesi mwenyewe hakuombwa ruhusa. Mama alinusurika, akaja kufa kwa homa tu nilipokuwa bado mdogo. Zaidi ya jina hili sina kitu chake kingine. Tulipokimbilia Maskati mwaka 1964 hata kanga yake haikupatikana. Baba, mwalimu wa shule, yeye alikimbia na juzuu moja ya kitabu cha Kizungu cha elimu zote, ile ya herufi M. Masufuria yote yalibaki, na shangazi hakumsamehe.

Mwaka 1967 ikaja posa kutoka Bausher, mji wa jirani na Maskati. Mama yake kijana aliyeposa aliwahi kukaa Unguja ujanani, Kiswahili chake kama chetu, kwa hiyo tulielewana vizuri mno. Akanitazama meno, akaonja mchuzi wangu, akaridhika. Sharti lake moja tu: jina libadilishwe kabla ya nikaha. "Sitaki mjukuu wangu aulizwe mama yake nani, akataja kanisa," alisema. Chai haijapoa, shangazi keshanichagulia jina jipya. Nikasema bila jina hili siolewi. Kijana nilimtaka, nisidanganye, nilikuwa nimeshamchungulia dirishani. Lakini kuliacha jina niliona ni kumzika mama mara ya pili.

Baba akasema, "Niachieni mimi." Nikajua tumekwisha.

Siku ya kujibu posa wanaume walikaa ukumbini na halwa yao na kahawa, sisi wanawake nyuma ya pazia, masikio yote nje. Baba akafungua juzuu yake. Akawaeleza kuwa Matilda si jina la ovyo, ni jina la malkia wa kale, asili yake Kijerumani, na maana yake nguvu ya vita. Ami yake kijana akauliza kwa adabu kama hakuna lenye maana ya subira. Baba hana habari. Kaanza na mke wa mfalme aliyeiteka Uingereza, kaja kwa mjukuu wake, aliyegombea kiti cha ufalme na binamu yake, akazingirwa ngomeni, akatoroka juu ya theluji kavaa nguo nyeupe asionekane.

"Katoroka?" ami akauliza. "Na mumewe yuko wapi?"

"Alikuwa ng'ambo."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Mtu mwenye akili zake angefunga kitabu. Baba akafunua ukurasa, akamtoa bibi mmoja wa Italia, mwenye mali na majeshi, ambaye mfalme mzima alisimama peku kwenye theluji nje ya ngome yake akiomba msamaha.

"Kumwomba huyo bibi?"

"Kumwomba Papa," baba akasema, na hapo ndipo na yeye alipoyasikia maneno yake. "Papa alikuwa mgeni wa huyo bibi."

Ami akakohoa. "Na bibi huyu alisilimu lini?"

Shangazi akajifunika mtandio uso mzima. Mama yake kijana akanigeukia. "Hebu nambie wewe. Baba yako ndiye aliyekutolea jina kwenye kitabu hicho?"

Nikamwambia hapana, ni mama, nikamweleza na ile nadhiri. Sikupamba neno. Nilikuwa nalia, nna hasira, na pua inanitiririka. Akapaza sauti kuvuka pazia: "Nadhiri ya maiti mimi siivunji. Andikeni hivyo hivyo."

Wakaandika. Nikaolewa na jina langu zima, na baba aliamini maisha yake yote kuwa ni juzuu yake iliyoshinda.

Sasa Bausher kwenyewe. Kwao mke hatajwi jina mbele za watu. Mume wangu akinitaka, anakohoa mlangoni. Wifi zangu waliniita bibi harusi, mkwe akaniita mwanangu, na mwaka 1970 nilipojifungua nikawa mama fulani, kwa jina la mtoto, basi. Hawakunikosea lolote, ndiyo heshima yao. Baba alikuwa akija Ijumaa, anasimama uani na kuliita jina lile kwa sauti ya darasani, mpaka wifi zangu wanaona haya. Tangu alipofariki, hakuna mtu aliyeniita Matilda.