Samaki Aliyeangukia Mpakani

Mwezi uliopita nilishuka stendi ya Nachingwea na bahasha ya khaki kwapani, nikapanda bodaboda mpaka Lionja. Ndani ya bahasha kulikuwa na mchoro mmoja tu. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimefuata ufuta. Nikamwambia hapana, nimekuja kuomba ruhusa ya samaki. Maskini, akaongeza mwendo, nadhani aliona amembeba mgonjwa.

Ngoja nikueleze, mwenzangu. Mimi ni mchora katuni. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichora gazetini visa vya mapacha wawili watundu wa mji mmoja wa pwani, na sasa katuni zile zinatoka kama kitabu. Wasomaji hunipigia simu: "Dada, wewe mtu wa wapi, Kilwa au Lindi mjini?" Nawajibu kwa sauti ya kujitapa kwamba mimi ni wa Lionja, mjukuu wa mkulima wa korosho, na bahari niliichora miaka kadhaa kabla sijaiona kwa macho yangu. Wanacheka. Wacheke tu, mimi najivuna nayo.

Bahari yangu ilikuja kwa baiskeli. Mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, akiwatoa Lindi na kuwauza njiani kote, Ruangwa mpaka kwetu. Harufu ya tenga lake ilikuwa inafika kabla ya kengele ya baiskeli. Bibi, aliyenilea, alikuwa akiwachemsha samaki wale kwa karanga za kusaga, na ugali wa muhogo pembeni. Tukila, mjomba anasimulia. Kule pwani, alisema, maji yakitoka alfajiri, watu hushuka mchangani na vikapu, wanaokota vya kula.

Sasa mtoto wa kwetu umwambie habari ya watu kuinama alfajiri na vikapu, ataona nini kama si korosho? Kwetu kabla ya msimu unafagia chini ya kila mkorosho mpaka ardhi inang'aa, ili korosho ikidondoka ionekane. Kila nyumba ina mikorosho yake, na mpaka wa kila shamba umepandwa mkonge. Basi katuni zangu zikawa hivyo hivyo. Watu wa pwani walifagia mchanga kila jioni. Kila familia ilikuwa na kipande chake cha ufukwe, kimepandwa mkonge mpakani, na samaki walidondoka usiku, wakaokotwa asubuhi. Na bahari yangu ilikuwa na ng'ambo, kama Mto Mbwemkuru unavyokuwa na ng'ambo. Huko ng'ambo niliwachora watu wamesimama wanatazama, maana nani atakubali mto usio na upande wa pili?

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu, mtu wa pwani, alinipa kalenda za zamani nichore nyuma yake, na kila Ijumaa nilibandika kipande kipya kwenye mlango wa darasa kwa uji mzito wa muhogo. Watoto walisukumana pale kama wanagawiwa kitu. Mwalimu alikuwa akisoma, anajishika mbavu. "Nani kakwambia bahari inafagiwa?" Lakini hakunifutia hata mstari. Alisema siku nitakapoiona nitaamua mwenyewe.

Mwaka huohuo bibi akagombana na jirani.

Jirani alikuwa mjane kama bibi, na ndiye shoga yake pekee. Kila asubuhi walitwanga pamoja, kinu kimoja michi miwili, du-du, du-du, mimi nikiamka kwa mlio huo. Nilipoumwa homa kali ni yeye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni. Basi mkorosho mmoja wa bibi ulikuwa umetupa tawi upande wa pili wa mkonge. Msimu ulipoanza, bibi akaenda kuokota, akamkuta jirani ameshaokota.

"Mti wangu," bibi akasema.

"Chini nimefagia mimi," jirani akajibu.

Na kwetu yote mawili ni hoja. Kufagia si kazi ya mchezo, mgongo unauma siku tatu. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akahamia kwenye Kimwera, na Kimwera cha hasira sitakutafsiria. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana. Nikaamka na du, moja, halafu kimya, halafu du. Bibi alitwanga peke yake na alikuwa anachoka upesi. Jioni nilimwona anakaa kibarazani anatazama upande wa mkonge, na nikimuuliza anasema anatazama kuku.

Sikuwa na la kufanya ila kuchora. Ijumaa ile nikachora vibibi viwili vya pwani. Asubuhi wamekuta samaki mkubwa amelala juu ya mpaka, nusu huku nusu kule. Mmoja kashika kichwa, mwingine kashika mkia, wanavutana. Wanavutana mpaka maji yanarudi, yanamchukua samaki, na wao wamelowa mpaka shingoni. Watu wa ng'ambo wanawacheka. Kosa langu ni kwamba bibi wa kichwa nilimvisha miwani iliyofungwa kwa uzi, kama ya bibi yangu, na bibi wa mkia nilimpa pengo la meno mawili ya mbele.

Mjukuu wa jirani akaangalia mara moja tu. "Yallah! Bibi yangu huyu!"

Habari ilifika nyumbani kabla yangu, na bibi akaapa kwenda kujionea mwenyewe. Jumatatu nilipoingia shuleni nikakuta vikongwe wote wawili wamesimama mbele ya mlango wa darasa, kila mmoja upande wake, kanga zimekazwa kiunoni. Nilijua leo bibi atazichoma kalamu zangu. Hawakujua kusoma, kwa hiyo mwalimu akawasomea kisanduku kimoja kimoja cha mchoro.

Alipomaliza, bibi akanigeukia. "Ulitaka watu watucheke?"

"Nilitaka mtwange pamoja," nikasema, na kilio kikanitoka.

Bibi akasogeza pua mpaka karibu na karatasi. "Mimi miguu yangu si vijiti hivi."

"Afadhali wewe," jirani akadakia. "Mimi kwa nini nishike mkia? Mimi ndiye mkubwa. Kichwa changu!"

"Mkubwa wa nani? Mimi nimezaliwa kabla yako!"

Na kwetu kichwa cha samaki ni cha mkubwa, kila mtu anajua. Wakabishana pale mlangoni, njaa ya mwaka gani, mvua ya mwaka gani, nani alikuwa anatembea na nani alikuwa anatambaa, mpaka jirani akacheka na pengo lake lote likaonekana, na bibi naye akashindwa kujizuia. Walirudi nyumbani njia moja, bado wanabishana. Kesho yake niliamka kwa michi miwili. Korosho za lile tawi wakaamua ziwe za watoto. Tulizikaanga kwenye bati lililotobolewa, moshi unatutoa machozi, midomo inababuka kwa mafuta ya maganda, na sijala kitu kitamu kama kile tena.

Bahari yenyewe niliiona nilipokwenda sekondari. Nilisimama ufukweni nikatafuta ng'ambo hadi macho yakauma. Hakuna. Nikaamua mwenyewe, kama mwalimu alivyosema, na mpaka leo katuni zangu zina ng'ambo. Mhariri ameshachoka kuniambia niifute.

Lionja nilikuta tawi limekatwa, na mkonge wa mpakani umeng'olewa. Mashine ya kusaga inanguruma mahali pa kinu. Bibi amelala makaburini miaka saba sasa. Nikasoma dua, nikafuta machozi, nikaendelea mpaka Ruangwa, anakoishi jirani kwa binti yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na samaki wangu?"

Hakuwahi kunisamehe ule mkia. Kila nilipokwenda kumsalimia alinikumbusha, na ndiyo sababu ya safari yangu. Kisa kile ndicho kinachotangulia visa vya mapacha kitabuni, na kabla hakijachapwa nilitaka kumpa haki yake. Nikautoa mchoro, nikaweka na kalamu juu yake. Nikamwambia, bibi, leo nabadilisha. Wewe kichwa, yeye mkia, nachora hapahapa ukiona.

Akaushika mchoro karibu na macho. Akapitisha kidole juu ya miwani ya uzi, taratibu, akarudia. Kisha akanirudishia kalamu yangu.

"Mwache," akasema. "Mwache mwenzangu ashike kichwa. Alikuwa mkubwa kweli."