Akili Zilizorudi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwaka 2016, kwetu Bellevue, hapa Johannesburg, watu waliamini kwamba akili za mtoto zinaweza kuliwa. Mwenye mkono mbaya anakupa pipi au mkate, unakula, na tangu siku hiyo kila unachosoma kinaingia kichwani mwake. Wakongo wengi wa mtaa wetu walilisema hilo kama mtu anayesema leo kuna baridi.

Tulikaa watatu chumba kimoja: mimi, mama yangu aliyekuwa msusi wa nywele, na Furaha, binti wa dada yake mama aliyefariki Bukavu. Furaha alikuwa rika langu. Alifika hajui neno la Kiingereza. Baada ya mwaka akawa wa kwanza darasani. Muhula huohuo mimi nilifeli hesabu na Kizulu.

Mama alizitandaza ripoti zetu kitandani, moja kando ya nyingine. Jumapili akatupeleka kwa mama mmoja wa maombi.

"Huyu dada yako," yule mama akaniuliza, "alikupa kitu ya kula?"

Nilijua jibu langu lingefanya nini. Lakini nilikuwa nimechoka kuulizwa kwa nini siwi kama Furaha.

"Ndiyo. Mkate."

"Ulikuwa na ladha gani?"

"Ya damu."

Ulikuwa nusu ya mkate wa Furaha mwenyewe. Alinigawia kila mapumziko kwa sababu mimi wangu niliumaliza njiani.

Walimfungisha kula siku tatu, maji tu. Madaftari yake yakachomwa uani, akalazimishwa kusimama hapo mpaka yaishe. Shuleni mama alisema amerudishwa Kongo. Furaha akawa anafagia nywele saluni kwa mama, na saa tisa anarudi nyumbani kupika.

Wiki ya pili nilimkuta kwenye jiko la wapangaji wote.

"Leo mwalimu alifundisha nini?" akauliza.

"Hesabu za sehemu. Sikuelewa."

"Leta, tuone."

Hakuuliza kingine. Kila siku nilimletea somo, na ili niweze kumletea ilinibidi nisikilize darasani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alielewa kabla sijamaliza kueleza, kisha ananieleza mimi.

Desemba ripoti ilisema nimeshika nafasi ya tatu. Mama alilia, akanikumbatia, akapigia simu ndugu wote. "Munaona? Tangu tulimutoa ule mutoto kwenye masomo, akili ya wangu imerudi!"

Furaha alikuwa anasonga bugali, anasikia yote. Sikumwambia mama ni nani aliyenifundisha. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kuhusu somo.

Sasa namaliza masomo ya ualimu chuoni Braamfontein. Furaha anasuka nywele. Mwaka jana nilimwomba msamaha, akiwa na kichwa cha mteja mikononi.

"Kwa mama wa maombi ulikuwa mutoto," akasema, vidole vikiendelea. "Siku ya ripoti ya Desemba ulikuwa unajua."

Mama hadi leo hutoa ushuhuda wa akili zangu zilizorudi kanisani, na sijamkatiza hata mara moja. Wenzangu wakiniuliza kilichonibakiza shuleni, nasema ni mama. Na ni kweli. Nilipenda alivyonitazama siku ile ya Desemba, nikasoma miaka yote hii ili asiache kunitazama hivyo.