Kitenge cha Harusi Kwenye Nyuso za Bodaboda

Jumatano, saa tatu asubuhi, ndipo nilipochukua mkasi, na mpaka leo nikipita steji ya bodaboda natazama chini kama nimeangusha kitu, kwa hiyo heri niiandike aibu yenyewe ipungue.

Lokidauni ilikuwa imefunga kibanda cha mama cha ushonaji sokoni, wasichana wake wa kazi wamerudi kwao, na cherehani moja imehamia barazani kwetu, hapa ugenini Makindye. Hakuna sherehe, hakuna ibada, sasa nani anashona gauni? Kazi ya maana ilibaki moja tu, sare za harusi ya binti wa Mama Furaha, Wakongo wenzetu. Kitenge kilitoka Goma kabla mpaka haujafungwa, na kwetu kitenge cha harusi hakionekani mtaani mpaka siku yenyewe. Mengine yote yalikuwa barakoa za vipande.

Asubuhi hiyo vipande vikaisha, na mama alikuwa ameenda sokoni kumbembeleza askari amfungulie achukue uzi. Ukutani niliona magauni mawili yamekamilika, mezani kitenge kilekile kimekunjwa. Kwa mafundi, kinachobaki baada ya kushona ni cha fundi, nikajiambia basi hiki ndicho kilichobaki. Ningeweza kumpigia simu nikauliza, lakini mimi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni darasani huwa nafanya mazoezi kwanza moyoni. Nikakikata kitenge.

Sula wa bodaboda akachukua barakoa ya kwanza, maana polisi walikuwa wanakamata wasiovaa. "Nyabo, bibie, hii ni ya waziri kabisa!" Akaenda kuwaringia wenzake, ikaja steji nzima, akaja muuza chapati, akaja mama wa nyanya na wanawe, nami nakata nashona, nakata nashona, najiona fundi mkubwa (bambi, maskini mimi).

Jioni Mama Furaha akaja kujaribu gauni, kwa miguu, kwa sababu bodaboda zilikatazwa kubeba abiria, yaani alipita pale steji polepole akawaona wote, mmoja mmoja. Mama ndiyo kwanza anaingia, uzi mkononi.

"Mama Neema, harusi yetu mmeshaifunga kule steji bila sisi?"

Mama hakuelewa. Sula, aliyemfuata akidhani kuna kitu cha kutazama, akadakia akigusa barakoa yake, "Kumbe mama na wewe uko kwenye kamati ya hiyo harusi?" Majirani wakacheka, mwingine akashika ukuta. Mama akatazama meza, akanitazama mimi.

"Neema, kitambaa cha gauni la msimamizi kiko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye uso wa Sula.

Mama Furaha hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema harusi ni Jumamosi, wageni wameruhusiwa wachache tu, na msimamizi akikosa gauni, yeye atachukua vitu vyake vyote apeleke kwa fundi mwingine. Akaondoka. Mama akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Kazi hii ikienda," alisema, "na hii mashine naiuza." Kisha akasema barakoa zikirudi, zikafumuliwa, angalau zinatoa mikono na mkanda, mwili wa gauni atautoa kwenye kitambaa kingine.

Kesho yake asubuhi nilienda steji na mfuko. Nilisimama mbele ya wanaume wote wale, sauti ikatoka nyembamba, nikasema naomba mnirudishie.

"Na polisi wakija nitavaa nini, nyabo? Kiganja?" akauliza Sula.

Nikampa nyingine, ya bluu, kisha nikawagawia wote. Za kitenge nilizibeba nyumbani, nikazichemsha kwa sabuni, nikakaa barazani kufumua, na hapo nikaapa kwamba kitambaa kikiwa mezani kwa mama sikigusi kabla sijauliza.

(Sketi yangu ya shule, ile ya bluu, haikuwa mezani. Ilikuwa sandukuni, na shule zimefungwa.)