Blanketi Kwenye Kamba ya Juu

Watu wa kanisani walimwita Mama Pasi, na walimwita hivyo muda mrefu mpaka mchungaji mwenyewe akasahau jina lililoandikwa kwenye daftari la washarika. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi majoho ya kwaya, taulo za mchungaji na kitambaa kirefu cheupe cha Meza ya Bwana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na ulimi usiojua likizo. Alimpenda Mungu kwa dhati, lakini kama angemkuta hata malaika amefuta mikono kwenye kitambaa kile, sidhani kama angemwachia.

Alikuwa na sheria zake. Maji ya kusuuza ni mara tatu, wala si mbili na nusu. Pasi hujaribiwa kwanza kwenye kitambaa kikuukuu. Na lile beseni jeupe, lililoning'inia peke yake kwenye msumari, lilikuwa la kitambaa cha Meza ya Bwana tu. Wanawe wanne walikua bila nepi hata moja kuligusa. Mdogo wake alithubutu siku moja kuloweka humo soksi za mumewe, akatolewa mbio uani na hakukanyaga tena pale kwa wiki mbili.

Mama Pasi ndiye aliyemkuta fundi mwashi amelala kwenye kibaraza cha nyuma ya kanisa. Mwashi alikuwa amejenga nyumba za watu tangu ujana, hadi alipoanguka kutoka kwenye jukwaa. Mguu ukapinda, kazi ikakatika, na chumba alichopanga kikapata mpangaji mwingine. Mama Pasi alimshushua kuanzia utosini hadi unyayoni. Mwashi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu kwamba ile nguzo ya kamba ya nguo imeinama. Mama Pasi aliporudi na ndoo ya pili, nguzo ilikuwa imenyooka, na juu ya kamba ya zamani kulikuwa na kamba nyingine mpya.

Tangu hapo alimgombeza kila asubuhi, na kwa Mama Pasi kugombezwa ni dalili ya kupendwa. Asiyempenda alimsalimia tu akapita. Alimletea chai kwenye kikombe chenye kifuniko, na msimu wa mvua ulipoanza akamletea blanketi jipya la rangi ya damu ya mzee, alilokuwa amejiwekea kabatini.

Sasa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuwa ndiye mwenye zile soksi, yaani mume wa mdogo wake. Si mtu mbaya. Mama Pasi alipofiwa na mumewe, ni shemeji huyu aliyepanda juu ya paa lake na kuziba kila tundu. Ila alipenda vitu vikae mahali pake, na mtu kulala kibarazani, kwake, hakukuwa mahali pake. Alitaka kibaraza kifungwe kwa geti la chuma. Wazee wenzake walikubali, ikabaki kuwauliza washarika Jumapili wakati wa matangazo. Mama Pasi alikwenda hadi sebuleni kwake kumsihi, akasema mpaka chai ikapoa. Mwashi angekwenda wapi na mvua hizi? Shemeji alimjibu kwa upole kwamba kanisa si gesti.

Jumamosi asubuhi alimkuta mwashi anatetemeka kwa homa, blanketi limelowa matapishi. Beseni la bluu, la nguo za kawaida, lilikuwa limepasuka tangu juzi yake. Mama Pasi alilitazama beseni jeupe. Akaangalia pembeni, akalitazama tena. Kitambaa cha Meza ya Bwana alikuwa ameshakisuuza na kukianika kamba ya chini, beseni liko tupu, na mgonjwa anagonganisha meno. Mwishowe alijikaza kisabuni, akalitia blanketi humo na kulifua kama anavyofua vitu vyake vyote, kwa nguvu na manung'uniko. Jua lilikuwa linachungulia kwenye kamba ya juu tu, kwa hiyo akalitundika huko. Kisha akamshika mwashi mkono na kumpeleka zahanati.

Foleni ilikuwa ndefu. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kukiacha kitambaa kambani bila kukilinda, na siku hiyo alikiacha mpaka alasiri. Aliporudi, akamlaza mwashi kibarazani na kumfunika shuka lake mwenyewe, ndipo alipoinua macho. Blanketi lilikuwa limechuruzika moja kwa moja juu ya kitambaa cheupe. Katikati kabisa palikuwa na doa jekundu, pana kama kiganja. Akakaa chini kwenye majani mabichi na kulia.

Alijaribu limau, akajaribu chumvi, akasugua mpaka vidole vikauma. Doa lilififia kidogo tu. Kitambaa cha akiba hakikuwapo, na kesho yake ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Basi akafanya ambacho angemgombeza mtu mwingine yeyote kwa kukifanya: alikitandika hivyo hivyo, akaweka chombo cha maua juu ya doa. Ibada nzima hakusikia wimbo wala neno, macho yake yako kwenye maua.

Ukafika wakati wa matangazo. Mwenyekiti alisimama na karatasi yake, akaeleza habari za geti. Alisema nyumba ya Mungu haifai kutiwa doa, na wanaokubali wanyooshe mikono.

Neno hilo lilimchoma. Mama Pasi, ambaye hakuwahi kufungua kinywa kanisani isipokuwa kuimba, alisimama kutoka benchi la mwisho.

"Shemeji, samahani. Kabla hawajanyoosha."

Alitembea hadi mbele, akakiinua chombo cha maua kwa mikono miwili. Kanisa zima likaliona doa.

"Hii ni rangi ya blanketi la fundi aliyelala hapo nyuma," alisema. "Nimelifua mimi, kwenye beseni jeupe."

Mdogo wake alishika mdomo, maana yeye alikuwa anakumbuka za soksi.

"Miaka thelathini na mmoja namtandikia Bwana meza hii. Hajaniomba kitambaa cheupe hata siku moja. Jana ameniomba blanketi kavu. Na nyinyi sasa mnataka kumfungia geti."

Akakirudisha chombo cha maua, safari hii kando ya doa. Nyuma ya ukuta, mtu alikohoa.

Mwenyekiti aliikunja karatasi yake, akaikunja tena, hadi haikukunjika. Alisema suala la geti litasubiri. Kisha akajisahihisha: halisubiri, limekufa. Mwenye mikono miwili abaki baada ya ibada, watoe viti vibovu kwenye stoo ya kanisa. Yeye ndiye aliyevua koti wa kwanza, na kufikia alasiri stoo ilikuwa na kitanda, na kitanda kina mtu.

Mwashi alipona. Aliipiga plasta stoo yake, kisha akanyoosha fremu ya mlango wa kanisa, ambayo alikiri ilimnyima raha kwa miezi mingi. Washarika wawili wamejitolea kununua kitambaa kipya, Mama Pasi amekataa. Anasema hiki bado kizima, na ameacha kukisugua kwa limau.

Kila Jumamosi hushusha beseni jeupe kwenye msumari. Blanketi hutangulia, kisha beseni husuuzwa mara tatu, ndipo kitambaa huingia. Ila blanketi siku hizi hulianika kamba ya chini, maana amelainika moyo tu, hajawa mjinga.